Kompyuta ya Kwenda Nayo Chuoni



Tangu muhula huu uanze nimeulizwa swali moja mara nyingi mno, bwenini, uwanjani, hata kwenye mstari wa chakula: "Nikienda chuo, ninunue laptopu gani?" Aulizaye hutaka nimtajie jina la kampuni tu, kisha aende zake. Jibu la namna hiyo silipendi, kwa sababu jambo hili nalijua kwa hasara, na aliyeilipa hasara yenyewe si mimi bali ni dada yangu. Habari hiyo nitaisimulia mbele. Basi nimemwomba mhariri nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nieleze nijuayo. Nanyi ndugu zetu mliotutangulia, ambao wengi wenu mwafanya kazi kwa kompyuta kila siku, msinicheke. Mkiona nimekosea mwandikieni mhariri.

Naanza na uzito, maana ndio husahauliwa dukani na kukumbukwa njiani.

Mwaka 1981 ilitoka huko Marekani kompyuta iitwayo Osborne 1, iliyosifiwa kuwa ni ya kuchukulika. Ilikuwa na mshikio kama wa sanduku, na uzito wake ulikuwa kilo 11 hivi, yaani zaidi kidogo ya nusu ya debe la maji. Tena haikuwa na betri ndani, hivyo aliyeichukua akifika aendako hana budi kutafuta umeme kwanza. Mwaka 2007 ikatoka Asus Eee PC yenye kioo cha inchi 7, isiyofika kilo moja, na mwaka 2008 kampuni ya Apple ikatoa MacBook Air ya kilo 1.36. Tangu hapo watengenezaji wameshindana kupunguza gramu.

Lakini wengi wetu tuliosoma shule za msingi hapa Rwanda, kompyuta nyepesi ya kwanza kuishika ilikuwa ile ya kijani na nyeupe, XO, iliyoanza kuletwa nchini mwaka 2008 kwa mpango wa One Laptop per Child. Mwaikumbuka? Ilikuwa na masikio mawili ya kupokelea mtandao, na kioo chake cha inchi 7.5 kilisomeka hata juani. Uzito wake haukufika kilo moja u nusu. Kumbukumbu yake ya kazi ilikuwa megabaiti 256 tu, na pa kuhifadhia gigabaiti 1, kiasi ambacho leo simu ya bei ndogo hukipita mara nyingi. Tuliichezea tusijue kwamba ndani yake hamkuwa na Windows bali Linux. Hilo nitalirudia.

Sasa itazame Kigali yetu. Mwanafunzi apangaye chumba Gikondo naye asoma katika Koleji ya Sayansi na Teknolojia ya Chuo Kikuu cha Rwanda, pale Nyarugenge, siku asipokuwa na nauli hupanda mlima. Laptopu ya kawaida ya kioo cha inchi 15.6 ina kilo 2 au zaidi. Ongeza chaja yake nusu kilo, ongeza madaftari, chupa ya maji na koti la mvua. Zile za inchi 12 hadi 14 zina kilo 1.2 hadi 1.6. Tofauti ya kilo moja yaonekana ndogo ukiishika dukani dakika mbili. Ibebe mgongoni mlimani, kwenda na kurudi, mwezi mzima, ndipo uniambie. Na ukipanda pikipiki, begi lililo jepesi hukaa mgongoni, lililo zito hukuvuta nyuma kila dereva aongezapo mwendo.

Hata hivyo jihadhari. Ziko laptopu nyepesi ambazo wepesi wake ni wa umaskini. Utaiona mpya, yang'aa, nyembamba kama sahani, bei nafuu. Kumbe ina kumbukumbu ya gigabaiti 4 na pa kuhifadhia gigabaiti 64, navyo vyote viwili vimelehemewa kwenye ubao wake, wala huwezi kuviongeza milele.

Hapa yafaa nieleze maneno hayo mawili, maana wauzaji huyachanganya, wengine kwa kutojua, wengine kwa makusudi. Kumbukumbu ya kazi, ile waiitayo ramu, ni kama meza ya kusomea: ikiwa kubwa waweza kufungua vitabu vitano kwa pamoja, ikiwa ndogo kila ukitaka kitabu kipya wakifunga kimoja na kukirudisha. Diski ndiyo kabati: huko vitabu hulala hata umeme ukizimika. Mtu akikuambia "hii ina gigabaiti 500" muulize, za meza au za kabati? Kwa mwanafunzi wa chuo meza isiwe chini ya gigabaiti 8. Kabati la gigabaiti 256 latosha, mradi liwe la aina ya SSD, ambalo halina kisahani kizungukacho ndani. Laptopu ya zamani yenye SSD huwaka upesi kuliko mpya yenye diski ya kuzunguka, tena haiumii upesi ikitikiswa kwenye basi la Musanze.

Betri nayo ina hesabu yake, na hesabu hii ni ya fizikia ya kidato cha pili. Ukubwa wa betri huandikwa kwa wati-saa. Ikiwa betri ina wati-saa 48, nayo kompyuta yatumia wati 8, gawanya: itadumu saa 6. Lakini betri huzeeka. Ya wati-saa 48 iliyobakiwa na asilimia 60 ya nguvu zake ina wati-saa 28.8 tu, nayo itadumu saa 3 na dakika 36. Muuzaji atakuambia "betri nzima kabisa." Usibishane naye. Ikiwa ni Windows, fungua dirisha la amri na uandike powercfg /batteryreport, nayo kompyuta yenyewe itakuandikia ukubwa ambao betri ilizaliwa nao na ukubwa iliyobaki nao. Muuzaji mmoja pale mjini, simtaji, nilipomwomba ruhusa ya kuandika amri hiyo alinipokonya kompyuta mikononi akasema nitaiharibu. Nikamshukuru, nikatoka. Jibu nilikuwa nimekwisha kulipata.

Jambo lingine ni kibodi. Laptopu nyingi za mtumba nilizozikuta hapa mjini zimetoka Ulaya, na nyingine zina kibodi ya Kifaransa, ambayo herufi A imekaa mahali pa Q. Sisi tumefundishwa kwa Kiingereza na kuzoea kibodi nyingine. Mtu aweza kuizoea, ndiyo, lakini siku ya mtihani wa kuandika kwa saa vidole vitasahau. Kagua pia bawaba za kioo, fungua na kufunga mara tatu. Izime kabisa, uiwashe, uone kama yadai nenosiri kabla hata ya kuanza; hilo huwa ni kufuli la kampuni iliyokuwa nayo kwanza, na muuzaji hana ufunguo.

Mpya au mtumba? Zimepata kuundwa hata mpya za hapa hapa: kampuni ya Positivo BGH, yenye asili ya Brazili na Argentina, ilianza kuunda laptopu Kigali mwaka 2015. Mwenye fedha za kununua mpya iliyo nzuri anunue, apate na dhamana. Mimi fedha zangu zilikuwa mtamba mmoja. Baba aliuuza katika likizo ya Noeli, nyumbani Bugesera, kwa faranga 320,000, akanikabidhi zote mezani mbele ya mama akasema, "Mtamba huu ungezaa." Hakuongeza neno. Nilitembea na fedha hizo siku mbili mjini, nimezishona ndani ya kaptula. Siku ya pili jioni nikanunua Lenovo ThinkPad X270 kwa faranga 240,000. Kioo chake ni inchi 12.5, kumbukumbu gigabaiti 8, SSD gigabaiti 256, na ina betri mbili, moja ndani na moja ya nje ambayo waweza kuichomoa na kuweka nyingine bila kuizima. Ya ndani ilizaliwa na wati-saa 23 ikabaki na 17. Ya nje ilizaliwa na 48 ikabaki na 39. Jumla 56, kwa wati 8 ni saa 7. Si nzuri kwa sura. Kona moja imekwanguka, na mfuniko wake una alama ya gundi ya karatasi ya ofisi fulani. Faranga 80,000 zilizosalia sikuzirudisha nyumbani. Nilinunua begi, na diski ya nje ya kuwekea nakala. Kwa nini diski ya nje kabla ya viatu vipya, mtaelewa sasa hivi.

Maana nimefikia sehemu ya pili ya somo, nayo ni mfumo endeshi.

Mfumo endeshi ni nini? Fikiri mkuu wa bweni. Yeye halali vitanda vyote wala hasomi vitabu vyote, lakini ndiye agawaye vitanda, ashikaye funguo, aamuaye nani aoge kwanza. Programu za kuandikia na kuhesabu ni wanafunzi. Chuma chenyewe ni jengo. Katikati yao yuko mkuu wa bweni. Windows ni mmoja wao, macOS ya Apple ni wa pili, Linux ni wa tatu. Jengo likiwa zima, mkuu aweza kubadilishwa.

Kwa nini umbadilishe? Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, isipokuwa kwa muda wa nyongeza kwa wale wanaojiandikisha. Windows 10 haikuzimika siku ile. Yawaka kama kawaida. Ila wezi wakigundua tundu jipya ukutani, fundi hatakuja kuliziba. Nayo Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ina masharti: yataka kijisanduku cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa vichakataji vya Intel, kwa kawaida haikubali vilivyo chini ya kizazi cha nane. X270 yangu ni ya kizazi cha sita. Na laptopu nyepesi za mtumba ambazo mfuko wa mwanafunzi wazifikia, nyingi nilizoziona zilikuwa za kabla ya kizazi hicho. Chuma ni kizima kabisa, kinafaa miaka mitano mingine, lakini mkuu wake wa bweni amestaafu.

Hapo ndipo Linux huingia. Aliyeianza mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, yaani miaka miwili tu zaidi yangu. Aliiachia dunia iitumie, iifungue, iirekebishe na kuigawa bila malipo, na maelfu ya watu wameijenga tangu hapo. Ziko aina nyingi zilizofungashwa kwa majina mbalimbali. Iliyo maarufu kwetu ni Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 na kundi la Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Wanafunzi wa zamani labda mwakumbuka wakati ambapo diski zake zilitumwa kwa posta bure kwa yeyote aliyeomba, mpaka mwaka 2011. Jina lenyewe halituhitaji mkalimani. Waswahili husema utu. Sisi kwa Kinyarwanda husema ubuntu, na kitu kitolewacho bila malipo twasema kimetolewa ku buntu. Nilipomwonyesha bibi yangu neno hilo kwenye kioo alidhani kompyuta yangu imepewa na kanisa.

Hata Kiswahili kina historia humo. Mwaka 2004, kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa Jambo OpenOffice, programu huru ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa miaka 13 kabla Kiswahili hakijawa lugha rasmi hapa Rwanda, mwaka 2017.

Sasa niwasimulie.

Agosti 2025 nilikuwa nyumbani likizo. Dada yangu alikuwa anamaliza masomo ya kilimo, kampasi ya Busogo, na laptopu yake, ya inchi 15.6, nzito kama tofali, ilikuwa imejaa na kwenda polepole. Kila ikiwaka ilimwonya kwamba Windows 10 yake inakaribia mwisho. Mimi nilikuwa nimejifunza kuweka Linux shuleni kwenye kompyuta mbili kuukuu, Bruda mwalimu wetu akiwa pembeni, nami nikajiona fundi. Nikamwambia, "Dada, niachie siku moja, utaipata kama mpya." Akaniuliza mara mbili kama kazi yake itakuwa salama. Nikamwambia mafaili yote nimeyanakili kwenye flashi. Kweli nilikuwa nimenakili folda ya nyaraka, picha, na vyote vilivyokuwa mezani pa kioo. Nikaanzisha kazi. Kioo kikaniuliza: niweke Linux pembeni ya Windows, au nifute diski nzima? Nikachagua kufuta diski nzima, maana hivyo ndivyo tulivyofanya shuleni.

Jioni akaja, akaifungua, akaipenda, ilikuwa nyepesi kama karatasi. Kisha akauliza, "D iko wapi?"

Msomaji, mwuzaji wa kompyuta ile alikuwa ameigawa diski vyumba viwili, C na D, akamwambia aweke mambo muhimu katika D kwa sababu huko ni salama hata Windows ikiharibika. Neno hilo ni kweli kwa fundi anayeweka Windows upya katika C peke yake. Lakini C na D si diski mbili. Ni vyumba viwili vya nyumba moja. Amri ya kufuta diski nzima haibishi hodi vyumbani, hubomoa nyumba. Katika D mlikuwa na utafiti wake wa kumaliza chuo: sura ya tatu, na jedwali la majibu ya wakulima 64 wa viazi wa Musanze.

Nikahangaika usiku kucha na programu za kufufua mafaili. Kwenye diski za zamani zizungukazo, kilichofutwa mara nyingi hubaki mpaka kiandikwe kingine juu yake, na fundi aweza kukifukua. Kwenye SSD sivyo. Mfumo huiambia diski kwamba nafasi hizi hazina mtu tena, nayo huzisafisha yenyewe. Sikupata hata ukurasa mmoja.

Dada hakunigombeza. Alitoka nje akaanza kumenya viazi vya kesho. Laiti angenipiga.

Sura ya kwanza na ya pili alikuwa amempelekea mwalimu wake kwa barua pepe, hizo zikapona. Na karatasi za maswali zilizojazwa kwa kalamu shambani alikuwa hajazitupa. Zilikuwa ndani ya gunia la mchele chini ya kitanda chake Busogo. Nikaenda nikazileta. Maswali 31, wakulima 64: majibu 1,984. Nikayaandika yote upya kwenye jedwali, usiku tisa, kwa kompyuta ile ile, ndani ya Linux ile ile. Nyingine zilikuwa na matope. Nimejua aina za viazi kuliko nilivyopata kutaka kujua. Sura ya tatu aliiandika upya mwenyewe, na mpaka leo asema ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi.

Usiku zile tisa zilinifundisha jambo la pili, kuhusu mafaili. Katika Linux hamna Microsoft Word ya kuweka kwenye kompyuta; iliyopo ni LibreOffice, ambayo hufungua na kuhifadhi mafaili ya Word. Maandishi ya kawaida hayana taabu. Taabu i katika majedwali, namba za kurasa na maelezo ya pembeni ya mwalimu: yalivuka salama mara nyingi, si mara zote. Dada alipeleka kazi kwa PDF ili isisogee, na alipotakiwa faili la Word alilipitia kwanza kwenye kompyuta ya rafiki. Hivyo msidanganywe na wapenzi wa Linux wasemao kila kitu ni sawasawa.

Tena kuna wasiofaa kuhama, nami nawaambia wazi. Atakayesoma uhandisi wa majengo au usanifu atahitaji AutoCAD au Revit, na hizo hazina toleo la Linux. Huyo abaki na Windows, na anunue laptopu yenye nguvu ingawa ni nzito kidogo. Mgongo wake utamsamehe. Lakini atakayesoma sayansi ya kompyuta, hisabati au takwimu hatakosa kitu: Python na R zipo bure, MATLAB na Stata zina matoleo ya Linux. Wa jiografia ataikuta QGIS. Na mambo ya kivinjari, barua pepe, masomo ya mtandaoni, hata maombi ya vyeti katika Irembo, hayajali mkuu wa bweni ni nani. Kabla ya kuamua, mwandikie mwanafunzi wa mwaka wa pili wa somo lako umwulize ni programu gani hasa walizotumia mwaka wa kwanza. Hapo ndipo ninyi mliotutangulia mtatufaa sana.

Kwa atakayehama, hivi ndivyo nifanyavyo siku hizi, baada ya Agosti ile.

Sigusi kompyuta kabla ya kuzipitia C, D na vyumba vyote pamoja na mwenyewe amekaa karibu, yeye ndiye aonyeshe kila kilicho chake. Vyote vinanakiliwa mara mbili, kwenye diski ya nje na mahali pengine. Kisha nachukua nakala kwenye kompyuta nyingine na kufungua mafaili matano au sita nione yanasomeka kweli. Faili laweza kuonekana kwa jina na lisifunguke. Kwenye kompyuta zenye Windows 11 naangalia pia kama diski imefungwa kwa BitLocker, na kuandika ufunguo wake karatasini.

Halafu napakua Linux. Aliyezoea Windows nampa Linux Mint, ambayo sura yake haimtishi. Faili lake lina gigabaiti 3 hivi, kwa hiyo lipakuliwe penye mtandao wa bure, si kwa vifurushi vya simu. Flashi ya gigabaiti 8 yatosha, nayo huandikwa kwa programu kama Rufus, kilichokuwamo kitafutika. Nazima kompyuta, nachomeka flashi, nawasha huku nikibonya kitufe cha kuchagua pa kuwakia; kwenye ThinkPad ni F12.

Uzuri ni kwamba Linux huwaka kutoka kwenye flashi bila kuandika chochote kwenye diski. Hapo mwenyewe aijaribu siku nzima akitaka. Ashike mtandao wa Wi-Fi, asikilize sauti, awashe kamera, aifunike na kuifunua aone kama yaamka, aiunganishe na mashine ya kutupia picha ukutani. Nimepata kuona kompyuta moja iliyokataa Wi-Fi kabisa. Tuliirudishia Windows yake bila hasara, kwa sababu hatukuwa tumegusa diski. Kila kitu kikikubali, na nafasi ikiruhusu, naweka Linux pembeni ya Windows, kila kuwaka mtu achague. Baada ya muhula mmoja ataona mwenyewe ni ipi haifungui tena. X270 yangu nayo ilikaa na zote mbili mwezi mzima, ndipo nikaiondoa Windows.

Wiki ya kwanza ni ya kununa. Utatafuta kitufe ulichozoea usikione, utasema umedanganywa. Wiki ya tatu mikono huzoea. Ikikusumbua zaidi ya hapo rudi Windows, hakuna dhambi.

Dada alihitimu, kompyuta yake bado ina Linux, naye ameibandika karatasi kwenye mfuniko: "Usiguse." Jina langu limeandikwa chini yake.

Flashi ya kujaribia ninayo. Jumamosi baada ya michezo huwa maktabani, meza ya karibu na dirisha. Atakaye kujaribu aje na kompyuta yake na nakala mbili za mafaili yake. Asiye na nakala mbili nitampa kiti aketi asome magazeti, lakini kompyuta yake siigusi.